Java Ilivyofika Kliniki za Ziwani

Mnamo Novemba 2001, hospitali ya wilaya ya Homa Bay ilianza kutoa dawa za kupunguza makali ya VVU bila malipo. Hakuna hospitali nyingine ya umma nchini Kenya iliyokuwa imeitangulia. Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka, MSF, lililokuwa mjini humo tangu miaka ya 1990, ndilo lililosimama na hospitali katika kazi hiyo. Wazee wa Homa Bay bado husimulia jinsi watu waliofikishwa hospitalini kwa machela walivyorudi shambani na ziwani.

Dawa hizi hazinywewi wiki moja zikaisha. Mgonjwa hurudi kliniki mwezi baada ya mwezi, maisha yake yote, na kila anaporudi huacha maandishi: uzito, kipimo cha damu, dawa alizopewa, tarehe ya kurudi. Wagonjwa kumi wanatosha kwenye faili moja. Wagonjwa elfu kadhaa wanajaza chumba. Kufikia 2014, makadirio ya serikali yalionyesha kuwa asilimia 25.7 ya watu wazima wa Kaunti ya Homa Bay walikuwa wakiishi na VVU, na Migori asilimia 14.7. Kaunti hizi mbili kila moja ina watu zaidi ya milioni moja na laki moja kwa hesabu ya sensa ya 2019. Ukipiga hesabu ya karatasi unaona kwa nini historia ya tiba katika pwani hii ya Ziwa Victoria ni historia ya kompyuta pia.

Zamani hizo kila mgonjwa alikuwa na kadi ya bluu, fomu ya wizara iitwayo MOH 257. Muuguzi aliijaza, kisha karani akahamisha maandishi yale yale kwenye daftari kubwa la MOH 361, moja la waliokuwa hawajaanza dawa na jingine la waliozianza. Mwisho wa mwezi karani alikesha na daftari hilo, akihesabu kwa kalamu: wangapi wapya, wangapi wamehama, wangapi wamepotea, wangapi wamefariki. Hesabu hiyo ikaandikwa kwenye MOH 731 na kupelekwa ofisi ya wilaya. Kosa la mstari mmoja lilimfuata hadi Nairobi.

Namba ya mgonjwa yenyewe ilibeba tabia ya mfumo huo. Ina tarakimu kumi: tano za mwanzo ni za kituo cha afya kwenye orodha kuu ya wizara, tano za mwisho ni za mgonjwa ndani ya kituo hicho. Kwa hiyo namba ilimtambulisha mtu kwa mahali alipoandikishwa, na watu wa ziwani hawakai mahali pamoja. Mvuvi wa kisiwa cha Remba hufuata dagaa wa omena hadi kisiwa cha Ringiti, akavuka kwenda Sori au Muhuru Bay msimu ukibadilika. Mchimbaji dhahabu wa Macalder leo yuko Nyatike, mwezi ujao yuko upande wa Tanzania. Mkata miwa wa Awendo hurudi kwao kazi ikiisha. Mjini Isebania mpaka ni barabara tu. Watu hao walihama na faili zao zikabaki rafuni.

MSF ilikuwa na programu yake, Fuchia, iliyoandikwa na Epicentre, kituo chake cha utafiti kilichoko Paris. Tafiti nyingi zilizochapishwa kuhusu wagonjwa wa Homa Bay zilitokana na takwimu zilizoingizwa humo na makarani baada ya kliniki kufungwa. Ilikuwa programu nzuri kwa kazi yake, lakini kazi yake ilikuwa kuhesabu wagonjwa wa mradi. Haikuundwa kuongea na duka la dawa, maabara, wala kompyuta ya wilaya.

Jibu lilianza kupikwa kwingine, katika Bonde la Ufa. Mwezi Februari 2001 kituo cha afya cha Mosoriot, katika Nandi, kilianza kutumia mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa uliotengenezwa na Chuo Kikuu cha Moi pamoja na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani. William Tierney, Joseph Rotich na Terry Hannan ni kati ya majina yaliyohusika. Mfumo huo ulijengwa juu ya Microsoft Access, na ulitosha kituo kimoja. Wakati ushirikiano huo ulipozaa AMPATH, mpango mkubwa wa tiba ya VVU wenye makao Eldoret, Access ilianza kulemewa.

Februari 2004 madaktari wawili kutoka Taasisi ya Regenstrief ya Indianapolis, Burke Mamlin na Paul Biondich, walifika Eldoret kutazama hali. Burke ni mtoto wa Joe Mamlin, mmoja wa waanzilishi wa AMPATH. Waliporudi kwao walianza kubuni mfumo mpya, wakijumuika na Hamish Fraser wa Partners In Health na Chris Seebregts wa Afrika Kusini, na Ben Wolfe akakaa kwenye kuandika msimbo. Waliuita OpenMRS. Uliwaka Eldoret kwa mara ya kwanza mwaka 2006. Uliandikwa kwa lugha ya programu ya Java.

Hapa inafaa kusimama, kwa sababu uamuzi wa mwaka 2004 wa kuandika mfumo wa hospitali kwa Java haukuwa uamuzi mmoja bali mlolongo mzima, na ule ulioamua hatima ya kliniki za Mbita na Nyatike ulikuwa wa ndani kabisa, wa seva ya kuendeshea mfumo, kitu ambacho mgonjwa hatakiona kamwe.

Java ilitangazwa na kampuni ya Sun Microsystems mwaka 1995, kazi ya James Gosling na wenzake, kwa ahadi kwamba programu ikiandikwa mara moja itaendeshwa kwenye mashine yoyote. Mwishoni mwa 1999 Sun ikatoa J2EE, seti ya kanuni za programu za mashirika makubwa. Kampuni zikajenga seva za kuendeshea programu hizo: BEA ikauza WebLogic, IBM ikauza WebSphere, na JBoss ikaja kama programu huria. WebLogic na WebSphere ziliuzwa kwa maelfu ya dola kwa kila prosesa. Kwenye karatasi, programu iliyofuata kanuni ingehama kutoka seva moja hadi nyingine bila kubadilishwa hata mstari.

Ahadi hiyo iliyumba mara tu programu zilipohitaji kuzungumza zenyewe kwa zenyewe. Mwaka 1998 watu wa Microsoft pamoja na Dave Winer na Don Box walibuni SOAP, njia ya kutuma ombi kwa XML kupitia mtandao, na toleo la 1.1 likawasilishwa W3C mwaka 2000. Watumiaji wa Java wakahitaji zana za kuitumia. IBM ilitoa zana zake kwa Apache, shirika la programu huria, zikawa Apache SOAP, kisha zikaandikwa upya kwa jina la Axis, iliyofikia toleo la 1.0 mwaka 2002. Mwaka huo huo ikatoka kanuni rasmi ya JAX-RPC. Baadaye ikafuata JAX-WS mwaka 2006, na Axis2. Dan Diephouse akaandika XFire, ambayo iliungana na Celtix kuwa CXF. Mtaalamu aliyekuwa akianzisha mradi katikati ya muongo ule alikuwa na zana nyingi mezani, zote zikidai kufanya kazi popote.

Tatizo lilijificha kwenye maktaba za msimbo. Kila seva kubwa ilikuja na zana zake za SOAP zikiwa tayari ndani. Programu nayo ilikuja na zake. Seva nyingi kwa desturi zilipakia klasi zao kabla ya zile za programu, kwa hiyo programu iliyoandikwa kwa toleo moja la maktaba ilijikuta imepewa toleo jingine lenye jina lile lile. Ilifanya kazi vizuri kwenye kompyuta ya mwandishi, ikaanguka kwenye seva ya mteja, na ujumbe wa kosa ukataja klasi ambayo mteja hakuwahi kuisikia. JAX-RPC iliongeza jingine: msimbo wa huduma uliweza kuhama, lakini mafaili ya maelezo yaliyoitambulisha kwa seva yalikuwa ya kila kampuni peke yake. Hata namna ya kufunga data ndani ya XML ilikuwa na mitindo isiyoelewana, hadi shirika la WS-I lilipotoa mwongozo wake wa msingi na kuukataza mtindo mmoja uliokuwa umeenea. Java 6, iliyotoka Desemba 2006, ilitia JAX-WS ndani ya Java yenyewe. Ilionekana neema. Kumbe aliyetaka toleo jipya zaidi sasa alipambana na Java, si na seva tu.

Mafundi waliokomaa wakafikia ushauri mmoja: usitegemee zawadi za seva. Chagua seva inayotoa kidogo iwezekanavyo, halafu beba mahitaji yako yote ndani ya faili moja la WAR, kifurushi cha programu nzima.

Seva ya namna hiyo ilikuwepo. James Duncan Davidson wa Sun aliandika kile kilichokuja kuitwa Tomcat, na mwaka 1999 Sun ikakikabidhi kwa Apache. Tomcat haikuwa J2EE kamili. Haikuwa na zana za SOAP, wala foleni za ujumbe, wala usimamizi wa miamala mikubwa. Ilipokea maombi ya HTTP na kuyapeleka kwenye programu. Ilikuwa ya bure, nyepesi, na iliwaka kwenye Windows au Linux bila kuuliza. Waliotaka nguvu zaidi waliongeza wenyewe: Hibernate ya Gavin King kwa kuongea na hifadhidata, na Spring ya Rod Johnson kwa kuunganisha vipande. Toleo la kwanza la Spring lilitoka Machi 2004, mwezi mmoja baada ya safari ile ya Eldoret.

OpenMRS ilishika njia hiyo: Tomcat, Spring, Hibernate, na MySQL chini yake. Fundi wa boti mjini Mbita angeielewa mara moja. Injini ya boti hufungwa nyuma ya mashua kwa vibano viwili, jioni ikavuliwa na kubebwa nyumbani, kesho ikafungwa kwenye mashua nyingine. Kama OpenMRS ingeegemea WebLogic, kliniki ya Sena kwenye kisiwa cha Mfangano isingeiona. Hakuna wizara ambayo ingenunua leseni ya kila prosesa kwa kila kituo cha afya kilicho kando ya ziwa.

Ilikuwa na shida zake. OpenMRS iliruhusu moduli, vipande vya ziada vinavyopandikizwa mfumo ukiwa hai, kila kimoja na kipakiaji chake cha klasi. Ukipandikiza na kung'oa mara kadhaa, Tomcat ilijaa na kutoa ujumbe ambao kila fundi wa OpenMRS wa miaka ile aliujua kwa moyo, wa kuishiwa nafasi ya PermGen, sehemu ya kumbukumbu ambamo Java ilihifadhi klasi. Dawa ilikuwa kuongeza namba moja kwenye mipangilio au kuzima na kuwasha. Java 8 ilipotoka Machi 2014 iliondoa PermGen kabisa, na mafundi wengi wakapumua.

Kwa huduma za wavuti zenyewe, OpenMRS haikuingia kwenye vita vya Axis na CXF. Mwaka 2000 Roy Fielding, katika tasnifu yake ya Chuo Kikuu cha California kule Irvine, alieleza mtindo wa REST: kila kitu kina anwani yake, na maneno machache ya HTTP yanatosha kukisoma, kukiunda, kukibadili na kukifuta. Moduli ya REST ya OpenMRS ilijengwa juu ya Spring ile ile iliyokuwa tayari ndani ya mfumo. Ukitaka mgonjwa, programu yako inaomba anwani inayoishia na ws/rest/v1/patient pamoja na jina au namba, nayo inajibiwa kwa JSON, maandishi ambayo hata karani mdadisi anaweza kuyasoma. Kila mgonjwa, kila ziara na kila kipimo kina kitambulisho kirefu cha alama 36, kilichoundwa ili seva mbili zisizojuana zisigongane hata zikiunda rekodi sekunde moja. Kwa watu wanaohamahama, hilo ni jambo la maana kuliko linavyosikika.

REST haihitaji zana maalumu kwa anayeomba. Simu ya Android inaiweza, na mUzima, programu ya simu iliyozaliwa na kazi ya Eldoret, iliitumia kubeba rekodi za wagonjwa hadi vijijini kusiko na mtandao na kuzirudisha baadaye. Safaricom ilipita njia hiyo hiyo. M-Pesa ilianza Machi 2007, na kwa miaka kadhaa aliyetaka kuunganisha duka lake nayo alilazimika kujifunza SOAP na vyeti vyake. Mwaka 2017 ikaja Daraja, ya REST, na vijana wa Kenya wakaunganisha mifumo yao kwa muda mfupi sana. Huo ni ushahidi mkubwa kuliko hoja za mikutano.

Wakati OpenMRS ikikua, Wizara ya Afya ilikuwa na swali la pili: takwimu za nchi nzima zikae wapi? Wilaya zilikuwa zikijaza Excel na kuzituma Nairobi. Jibu lilitoka Oslo. DHIS, programu ya kukusanya takwimu za afya, ilizaliwa Afrika Kusini katika miaka ya 1990, nayo ikiwa juu ya Access. Toleo la pili, DHIS2, liliandikwa upya kwa Java katika Chuo Kikuu cha Oslo, kwa Spring na Hibernate, likiendeshwa kwenye Tomcat. Mpango wa awali wa Kenya ulikuwa kuweka seva katika kila wilaya. Majaribio yaliyofanywa Pwani yalibadili mawazo. Nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilikuwa zimefika Mombasa mwaka 2009, modemu za simu zilifanya kazi hadi vituo vya mbali, na mwaka 2011 Kenya ikawasha DHIS2 kwa nchi nzima kwenye seva moja ya mtandaoni. Ilikuwa ya kwanza kusini mwa Sahara kufanya hivyo. Seva yenyewe kwanza ilikodiwa nje ya nchi, na mjadala wa kama takwimu za Wakenya zilale ughaibuni ukaanza siku zile zile. Kwa kuwa ilikuwa Tomcat na hifadhidata, kuihamisha haikuwa miujiza.

Wagonjwa hawangewekwa kwenye seva moja. DHIS2 hubeba hesabu. Kliniki hubeba majina, na daktari anayemhudumia mtu saa nne asubuhi hawezi kusubiri mtandao urudi. Kwa hiyo kumbukumbu za wagonjwa zilihitaji seva ndani ya kituo chenyewe.

Kufikia hapo mifumo ilikuwa imezagaa. Kila mfadhili alikuja na wake. FACES, ushirikiano wa taasisi ya utafiti ya KEMRI na Chuo Kikuu cha California cha San Francisco ulioanza 2004, ulikuwa ukiendesha kliniki Kisumu, Suba na Migori, nao ulitumia OpenMRS. Vituo vingine vilikuwa na IQCare ya Futures Group, iliyojengwa juu ya .NET na SQL Server za Microsoft. Kulikuwa na C-PAD. Mwaka 2010 serikali ilitoa viwango na miongozo ya mifumo ya kumbukumbu za wagonjwa, na baada ya ukaguzi wa mifumo iliyokuwepo, I-TECH ya Chuo Kikuu cha Washington ikashirikiana na wizara na NASCOP, mpango wa kitaifa wa kudhibiti UKIMWI, kutengeneza KenyaEMR, yaani OpenMRS iliyovishwa fomu za Kenya: kadi ya bluu ikawa skrini, na MOH 731 ikawa kitufe. Iliingia vituoni kuanzia 2012, na ndani ya miaka michache ilikuwa imezidi vituo 300, vingi vikiwa magharibi mwa nchi. Baadaye kazi ya kuiendeleza ilihamia kwa Palladium, kundi lililoirithi Futures Group, na vituo vya IQCare navyo vikaanza kuhamishiwa KenyaEMR. Kampuni iliyokuwa imejenga mfumo wa Microsoft ikageuka kuwa mlezi wa ule wa Java. Kwa macho ya mwandishi huyu, hakuna hukumu iliyo wazi kuliko hiyo.

Ndani ya kituo cha afya, mfumo wenyewe ni mdogo. Kuna kompyuta moja yenye Ubuntu inayofanya kazi ya seva, waya au redio ya mtandao wa ndani, na kompyuta kadhaa za mezani: kwenye mapokezi, kwa afisa wa kliniki, kwenye duka la dawa. Mtumiaji hafungui programu yoyote maalumu. Hufungua kivinjari na kuandika anwani ya seva, mara nyingi ikiishia na 8080, mlango wa kawaida wa Tomcat. Hakuna intaneti inayohitajika. Toleo jipya likitoka, fundi huja na flashi, huzima Tomcat, hubadilisha faili la WAR na moduli zake, huwasha tena, na kungoja. Stima ikikatika na kurudi, MySQL lazima iamke kwanza. Tomcat ikiitangulia, ukurasa unakuja mtupu na simu zinaanza kulia.

Stima yenyewe ni hadithi ndefu visiwani. Kule Mfangano, kituo cha Ekialo Kiona kilijengwa kwa nguvu za jua kikiwa na kompyuta na intaneti, na masharti ya kuzitumia bila malipo yakawa kupima VVU kila baada ya miezi sita. Wakaazi walijua kompyuta na kupima vikiwa kitu kimoja kabla KenyaEMR haijawa jina la kawaida.

Baada ya seva kusimama, karani aliendelea kwa muda kufanya jambo la ajabu. KenyaEMR ilimhesabia MOH 731, naye akaiandika kwenye karatasi, kisha akaipeleka kwa mtu mwingine aliyeiingiza DHIS2. Mifumo miwili ya Java, yote kwenye Tomcat, iliunganishwa na kalamu. Wataalamu wa Kenya na wenzao waliifanyia kazi kasoro hiyo, na mwaka 2016 walichapisha matokeo ya jaribio la kutuma ripoti moja kwa moja kutoka OpenMRS hadi DHIS2. Takwimu zilizojumlishwa zilibebwa kwa XML juu ya HTTP ya kawaida. Hakukuhitajika Axis wala seva ya maelfu ya dola. Kilichowashughulisha kilikuwa majina: kila kipengele cha ripoti upande mmoja kililazimika kupata mwenzake upande wa pili, mstari kwa mstari, na kituo cha afya kiwe na namba moja pande zote. Orodha kuu ya vituo ya wizara ndiyo iliyookoa. Yeyote aliyewahi kuunganisha mifumo anajua kwamba zana ndiyo sehemu rahisi.

Kuhamishika kuna upande wake wa pili, ule wa wakati. Java 11 ya Septemba 2018 iliondoa JAX-WS iliyokuwa imetiwa ndani mwaka 2006, na programu zilizoitegemea zikaanguka siku ya kuhamia. Oracle, iliyoirithi Java kutoka Sun, ilipokabidhi Java EE, ndiyo J2EE ya zamani, kwa Eclipse Foundation, jina la javax halikuruhusiwa kuendelezwa, na mwaka 2020 likabadilishwa kuwa jakarta. Tomcat 10 haikubali programu ya zamani bila kugeuzwa. OpenMRS ilibaki Java 8 kwa miaka mingi. Wapo waliouona kuwa uzembe. Ukifikiria mamia ya kompyuta zilizotawanyika kutoka Kehancha hadi Kendu Bay, kila moja ikiguswa kwa flashi, unaelewa kwamba kwenda polepole huko kulikuwa heshima kwa fundi wa mwisho kwenye mstari.

Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na PEPFAR, mpango wake wa UKIMWI ulioanzishwa 2003 na uliolipia sehemu kubwa ya tiba na makarani wa kaunti hizi, ukatikisika. Wafanyakazi wengi wa miradi walirudi nyumbani. Hakuna zana ya Java inayoweza kuziba pengo la mshahara wa karani. Hata hivyo msimbo wa OpenMRS uko wazi kwa yeyote, Tomcat haina ada, Ubuntu haina ada, na seva iliyoko kwenye chumba cha kumbukumbu haikuwa ikiuliza ruhusa Washington ili iwake asubuhi. Kaunti zilirithi mfumo ambao zingeweza kuuendesha zikiwa na fundi. Hilo halikutokea kwa bahati. Lilitokana na watu waliokataa, mwaka baada ya mwaka, kujifunga kwa seva ya mwenye duka.

Toleo la tatu la KenyaEMR limejengwa juu ya OpenMRS 3, ambayo skrini zake zimeandikwa upya kwa JavaScript na hupata kila kitu kupitia huduma za REST. Afisa wa kliniki anaona sura mpya kabisa; nyuma yake kuna Java, Spring na Hibernate vile vile.

Namba ya tarakimu kumi nayo imepata mwenzake. Mwaka 2022 NASCOP ilianza kuwapa wagonjwa NUPI, namba moja ya kitaifa inayomfuata mtu, si kituo. Mgonjwa anapoandikishwa, KenyaEMR huuliza daftari la kitaifa kupitia huduma ya wavuti kama mtu huyu anajulikana, na kama hajulikani humwandikisha. Mvuvi wa Remba anaweza sasa kutambulika Sori bila barua. Ila swali hilo linahitaji intaneti, na mfumo mzima ulijengwa ili usiihitaji. Kwa hiyo pale bando linapoisha au mnara wa simu unapozima, karani humwandikisha mgonjwa kwenye seva ya kituo kama zamani, humpa dawa zake, na uhakiki wa NUPI hubaki kwenye orodha ya wanaosubiri hadi mtandao urudi.